Sakitu Isiyofika Kurui

Iko siku moja, mwanangu, ambayo imekataa kuzeeka pamoja nami. Nyingine nyingi nimezisahau, hata zile nilizoapa kuwa sitazisahau. Hii bado mbichi. Nikikaa hapa kibarazani kwangu, mtaa wa Picha ya Ndege, magoti yamekaza, mabasi yakipita na vumbi lao, mti wa mkungu wa uani ukiwa umeanza kuangusha majani yake mekundu, siku hiyo huja yenyewe na kuketi mbele yangu. Nakusimulia leo kwa sababu nimesikia umepangiwa kazi mbali, mahali usipomjua mtu. Nimechoka, na maneno yangu siku hizi hukatikia njiani, lakini hili nitajitahidi nilifikishe mwisho.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu mpya, nimetoka Makete kule juu kwenye baridi. Nilipangiwa shule ya Kurui, wilaya ya Kisarawe. Lori lilinishusha Maneromango na sanduku langu la bati, njia iliyobaki nikaimaliza kwa miguu, viatu mkononi. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Watu waliokuwa wakiishi huku na huku, kila mmoja na mikorosho yake, walikuwa wanatakiwa wakae pamoja, karibu na barabara, shule na kisima. Mimi niliamini kila neno la mambo hayo. Niliamini kwa moto, mwanangu, kama anavyoamini mtu ambaye si yeye anayehamishwa.

Nilipewa chumba nyumbani kwa Bibi Mwanahawa, mjane wa Kizaramo, mwembamba, mwenye kicheko cha puani. Siku ya kwanza tu alinianza.

"Huko kwenu kwenye baridi mnaoga lini, mwalimu?"

"Tunaoga, Bibi."

"Sijauliza kama mnaoga. Nimeuliza lini."

Kuanzia hapo tukawa watani, na baada ya mwezi nikawa mtoto wa nyumba ile. Nilimchotea maji, yeye akanifundisha kupika kisamvu cha nazi. Lakini kitu alichokuwa nacho Bibi, kilichowafanya watu waje kwake kutoka vijiji vya mbali, ni bustani. Ilikuwa imeizunguka nyumba pande tatu: asumini ukutani, mhina kwenye kona, maua mekundu mazito mfano wa kilemba cha jogoo, na mrehani. Mrehani hasa. Huo haukuwa mrehani unaouona kila mahali. Shina lake lilikuwa jeusi-jeusi, jani dogo, na harufu yake ikishaingia kwenye kanga ilikaa siku tatu. Mbegu yake alipewa na mama yake, wakati Bibi alipotoka Mlandizi kuja kuolewa. Kwa maua hayo alishona vikuba, vile vishada vya mrehani na asumini ambavyo bibi harusi huvaa ili anukie. Nusu ya wanawake wa pale waliingia nyumba za waume zao wakinukia bustani ya Bibi Mwanahawa.

Nikueleze mapema ambalo mimi nilichelewa kulijua, usije ukapotea. Bibi alikuwa kwenye orodha ya watakaohama. Kabla ya mvua za vuli alitakiwa awe amejenga nyumba katika kijiji kipya, mwendo wa saa nzima kutoka pale. Mjukuu wake, Zena, alikuwa amechumbiwa, na harusi ilipangwa ifanyike hukohuko baada ya mavuno ya kwanza. Bibi alikuwa ameshona vikuba vya mabinti wa watu miaka arobaini. Sasa ilikuwa zamu ya damu yake. Alichokuwa anakitaka kutoka kwenye ile nyumba ya zamani, kuliko milango na kuliko mabati, ni mbegu za ule mrehani.

Basi kikaingia kipupwe. Wewe umezaliwa huku, hukioni kipupwe kwa jicho langu. Masika yamekwisha, asubuhi kuna umande, anga limekuwa jeupe na limenyanyuka juu. Bustani ya Bibi ilikuwa inamalizikia, lakini inamalizikia kwa fahari. Majani ya mrehani yalianza kuwa na rangi ya zambarau, vishada vya maua vikarefuka na kukauka nchani. Yale maua ya kilemba cha jogoo yalivimba, wekundu wao ukakolea mpaka ukawa kama wa damu iliyoganda. Jirani mmoja alikuja kuomba maua ya ngoma ya mwanawe. Bibi akamchumia asumini peke yake. Yule mama alipounyooshea mkono mrehani, Bibi alimwambia kwa upole kuwa uliobaki una kazi yake. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Nikasema moyoni, uzee umeanza kumfanya mchoyo.

Sasa sikiliza jinsi akili ya mtu inavyosafiri na nyumbani kwake. Kwetu Makete, miezi hiyohiyo, kuna kitu kinaitwa sakitu. Ni baridi inayoganda juu ya majani usiku. Ukiamka unakuta shamba limekuwa jeupe kama limemwagiwa unga, jua likipanda kila jani linakuwa jeusi, kama limemwagiwa maji ya moto. Kabla ya sakitu, mwanangu, nchi yetu hupendeza kwa namna inayotia uchungu. Mipichi hugeuka manjano. Maua yaliyobaki uani huwaka rangi kama yanajua. Mama yangu alikuwa akiona anga limetakata jioni na upepo umetulia, anatupigia kelele sote tutoke na vikapu: maboga, majani ya maharage, maua, chochote chenye uhai kikatwe kiingie ndani. Kilichoachwa nje kilikuwa kimepotea. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Ua la mwisho likatwe leo.

Wiki ileile tulipata habari kuwa kiongozi kutoka wilayani atakuja kuzungumza na wananchi kuhusu kuhama. Mwalimu Mkuu akanikabidhi mapambo. Tulijenga lango la makuti penye njia ya kuingilia uwanja wa shule, lakini lilikuwa kijani tupu, halina uso. Nikakumbuka bustani.

Bibi hakuwepo. Alikuwa amekwenda kijiji kipya kuonyeshwa kiwanja chake, angelala huko siku mbili kwa ndugu yake. Asubuhi ile kulikuwa na umande mzito na ubaridi wa kunyanyua vinyweleo, na anga halikuwa na wingu hata moja. Nilisimama katikati ya rangi zile nikaona huruma. Kweli kabisa, niliona huruma. Nilijiambia, haya yanakufa, na mwenyewe anahama, yatakufa bila kuonwa na mtu. Heri yapokee mgeni. Bibi akirudi atakuta bustani yake imekuwa heshima ya kijiji kizima.

Nikachukua kisu. Nilikata yote, karibu na ardhi, ili mashina yawe marefu ya kufungia. Hata yale ya nyuma ya choo.

Siku ya mgeni lango lilikuwa linang'aa. Watu waliligusa, wakanusa mikono yao. Kiongozi alifika, akashuka garini, akasimama chini ya lango na kutazama juu. Akauliza nani amepanda maua mazuri namna ile. Mwalimu Mkuu akanishika bega, akasema ni kazi ya mwalimu wetu mpya, ametoka mbali lakini ana moyo wa kujenga taifa. Watu wakapiga makofi. Nami, mwanangu, nilitabasamu. Kulikuwa na nafasi ya kusema, pana kabisa, ya maneno mawili tu: "Ya Bibi." Sikusema. Nilipoinua macho nikamwona Bibi Mwanahawa nyuma ya kina mama wengine, miguu ina vumbi la safari, kanga imeshikwa mdomoni. Alikuwa analitazama lango. Hakunitazama mimi.

Hotuba ilipokwisha nilimkuta nyumbani, ameketi kwenye kigoda katikati ya vile visiki vya mrehani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Akagusa kisiki kimoja kwa kidole. "Na wa nyuma ya choo umekata?"

"Nimekata wote, Bibi. Ulikuwa unakufa."

"Unakufa na nini?"

Nikaanza kumweleza sakitu. Nilimweleza mipichi, na mama yangu na vikapu vyake, na majani kuwa meusi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni anayesimulia ndoto.

"Kwenu baridi inaua, mwalimu," alisema. "Inakuja usiku mmoja, haiulizi. Huku kwetu hakuna wa kuliua ua. Tunaliacha lizeeke, na likishazeeka ndiyo linatupa mbegu. Mimi nilikuwa nangoja lizeeke."

Nilikimbia. Nilirudi mpaka uwanjani, nikapanda kiti cha darasani, nikavunja lango lile kwa mikono. Nilipiga magoti nikawa napukutisha kishada kimoja kimoja kwenye kanga yangu. Mrehani una vikombe vidogo, mbegu zikikomaa ni nyeusi na zinadondoka zenyewe. Mimi nilipata makapi, na vijimbegu vyeupe, laini, vinavyopondeka ukivigusa kwa ukucha. Jua la siku mbili lilikuwa limezikausha kabla hazijakomaa. Wapita njia wakanicheka, wakadhani mwalimu anadai mapambo yake.

Vile vijimbegu tulivisia kwenye kopo. Nilichomeka na vijiti vya mashina kando ya mtungi, nikavimwagilia asubuhi na jioni. Bibi aliniacha nifanye. Hakukitazama kile kikopo hata mara moja, na hapo ndipo nilipojua kuwa hakuna kitakachoota. Visiki navyo vilijaribu, vikatoa macho mawili matatu ya kijani, kisha kiangazi kikayafunga.

Hakunitukana. Aliendelea kuniita mwalimu, aliendelea kunipakulia. Ila ule utani wa kuoga ulikwisha, na nyumba ikawa na adabu nyingi. Angenipigia kelele siku ile pengine ningepona mapema. Alipohama, nilimsaidia kupandisha vyungu na kinu kwenye lori. Alikuwa na kichupa kidogo cha dawa, amekisafisha na kukianika tangu mwanzo wa kipupwe. Akanipa.

"Chukua, utawekea chumvi."

Zena aliolewa mwaka uliofuata. Nilikwenda. Bibi alimshonea kikuba cha mrehani wa kuomba kwa watu, na mkono wake ulikuwa uleule, mshono uleule. Bibi harusi alipovishwa aliinamisha kichwa akanusa, akanusa tena kama anayetafuta harufu aliyoizoea. Wanawake mle ndani walitazamana, kisha mmoja akaanza wimbo harakaharaka. Tangu siku hiyo Bibi hakushona tena. Waliokuja kumwomba aliwaambia macho yake hayaoni tundu la sindano. Macho yake yalikuwa mazima, mwanangu. Alikuwa bado anachambua mchele kwa mwanga wa jioni.

Nilimwomba radhi mara nyingi. Kila mara alisema yamekwisha. Mara moja tu, miaka mingi baadaye, nilipomtembelea naye amelala kitandani, aliniuliza swali. Akasema, "Ile siku, mwalimu, kama ungeniona mlangoni, ungeniuliza?" Nilitaka kumwambia ndiyo. Nikamwambia sijui. Akanipigapiga mkono, akasema hilo ndilo jibu la kwanza la kweli nililompa tangu siku ile.

Nimelichukua jibu hilo miaka yote na limenichosha, kwa sababu najua maana yake. Nisingemwuliza. Nilikuwa na uhakika. Nilikuwa nimekuja na majira ya kwetu moyoni nikayavisha nchi ya watu, na nilifanya hivyo kwa upendo. Ubaya ningeuona na kuuacha. Wema wangu ndio ulionifumba macho.

Basi, mwanangu, ninalokuusia ni hili. Huko uendako utaona mambo yaliyochakaa, yaliyonyauka, yanayoonekana kama yameachwa. Mkono wako utakuwasha kutaka kuyaokoa. Kabla hujagusa, mtafute mwenyewe. Kama hayupo, mngoje arudi. Mwulize kitu hiki kinangoja nini, kisha nyamaza mpaka amalize kujibu, hata kama anajibu taratibu, hata kama mgeni wako yuko njiani na mapambo hayajatosha. Mtu mzima akikwambia kuwa kilichobaki kina kazi yake, usimwite mchoyo. Mwulize ni kazi gani. Na siku utakaposifiwa kwa kisicho chako, sema ni cha nani papohapo, kabla makofi hayajaisha. Ukichelewa, utaendelea kulisema neno hilo peke yako mpaka uzeeni, na aliyestahili kulisikia hatakuwepo.

Nenda kwa amani. Mungu akufungulie milango ya watu wema, akupe wenyeji wasioona haya kukukataza, na kila mara mkono wako utakapotaka kukimbia mbele ya ulimi, aushike kwanza.