Taa Mbili Kutoka Beni

Nilipomaliza graduat yangu ya fizikia, ile shahada ya miaka mitatu, sikio la kushoto la baba lilikuwa limekwisha kufa, na la kulia lilikuwa njiani. Zaidi ya miaka ishirini alisimama kando ya mashine ya kukoboa kahawa, na hakuna aliyemwambia azibe masikio. Jumapili aliongoza kwaya ya parokia. Watu wa Mususa, mtaa wetu, walimzoea hivyo: barabarani unamsalimia haitikii, lakini kanisani anamsikia mama mmoja wa mstari wa nyuma akikosea nusu noti. Muuguzi aliyempima alisema bila kuzunguka kwamba la kulia nalo litakwenda, labda mwaka huu, labda mwakani.

Nyumbani tulikuwa na kaseti moja. Ilirekodiwa Krismasi moja kabla ya vita, na ndani yake kwaya ya baba iliimba sauti zote nne. Vita viliporudi mara ya pili, kwaya ilitawanyika. Wengine walivuka kwenda Uganda, wengine walirudi kulima upande wa Kirumba, na besi mmoja tuliyempenda hakufika alikokuwa anakwenda. Padri alikusanya vijana wengine wakaanza upya na ngoma na gitaa. Kwaya ya baba ilibaki ndani ya kaseti tu.

Kila Jumapili baada ya misa baba alitia kaseti ile kwenye redio yetu ndogo, akaiweka begani, spika ikiwa imebanwa kwenye sikio la kulia, akasikiliza akiwa amekunja uso.

"Hii haiko sauti ya batu," alisema siku moja akaizima. "Ni maharagwe inachemka."

Kisha akanisimulia, labda kwa mara ya kumi, habari za redio kubwa ya misheni ya ujana wake, poste ya lampes. Ilikuwa na taa za kioo ndani, ziliwaka rangi ya machungwa, na ukikaa mbele yake ulisikia hata pumzi ya msomaji wa habari.

"Ile ilikuwa inaimba na tumbo," alisema. "Hii inaimba na pua."

Hapo ndipo wazo lilipoingia kichwani mwangu likakataa kutoka. Nilitaka baba aisikie kaseti ile, sauti zote nne, walau mara moja, kabla sikio la kulia halijafunga.

Mtu mwingine angetafuta ampli ya taa kama zile, mashine ya kukuza sauti, akaileta. Mimi ni mtu ambaye nikishafunga mlango narudi mara mbili kuutikisa. Nilifungua madaftari yangu ya chuo, nikachora michoro, nikaorodhesha mambo yanayoweza kuharibika, na orodha ilipofika ukurasa wa tatu nikaanza kuogopa orodha yenyewe. Mama ndiye aliyenisukuma. Alisikia kwamba karibu na soko la Beni kuna fundi wa redio mwenye vitu vya zamani, akanifungia viazi vitamu kwenye kitambaa, akaniambia nisirudi na daftari peke yake.

Fundi alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitoa ampli chini ya meza, akapuliza vumbi. Ilikuwa sanduku la chuma lenye taa nne za kioo juu yake kama chupa ndogo za dawa. Aliposema bei, moyo wangu ulishtuka. Ilikuwa bei ya mbuzi dume, na si mbuzi mkubwa.

"Papa, mbona unaiuza chini hivi?"

"Weye uko mununuzi ya namna gani?" alicheka. "Batu banalalamika bei iko juu, weye unalalamika iko chini?"

"Nataka kujua tu. Iko na shida gani?"

"Shida yake ni batu. Leo kila mutu anataka transistor. Lampe inakula courant ya umeme, inachoma vidole, na unawasha, unangoja. Vita haingoje mutu."

"Na taa zote ziko nzima?"

"Tatu iko nzima." Aligusa ya nne kwa ukucha, taratibu, kama anayegusa jino bovu. "Hii iko muzee. Lakini hata bazee banaimba, si ndiyo? Ikikushinda, tuma mutu. Niko na mbili mupya kwa tiroir," alisema akigonga droo ya meza.

Njiani kurudi nilikaa nyuma ya pickup, ampli mapajani, shuka juu yake. Kwenye barrière, kizuizi cha kamba barabarani, askari kijana alifunua shuka kwa mtutu wa bunduki. Alitazama zile taa kwa muda mrefu.

"Hii ni phonie," alisema. Maana yake redio ya kuongea na adui porini.

Nilifungua mdomo nieleze tofauti ya kupokea, kurusha na kukuza sauti, na nina hakika ningeeleza mpaka wanipeleke shimoni, jela yao. Mama mmoja aliyekalia gunia la mchele alinitangulia.

"Achilia mutoto, chef. Ni mashini ya kanisa. Hauone iko na mishumaa?"

Askari akacheka, wenzake wakacheka, kamba ikashushwa. Nilimwambia mama yule wasingya, asante ya kwetu, mara nyingi mpaka akaniomba ninyamaze.

Jirani yetu alikuwa seremala. Alikuwa na groupe, jenereta ndogo ya kuendeshea msumeno, na alikubali kutuazima siku za Jumapili, msumeno ukipumzika, mradi tulete mafuta wenyewe. Yeye ndiye aliyenipa kona ya atelier yake, karakana ya mbao. Nilianza kwa kubadilisha waya wa umeme, uliokuwa umekauka na kupasuka kama ngozi ya nyoka. Kisha nikatoa kondansateri za zamani, vile vikopo vinavyotunza umeme, nikaweka zingine nilizozichomoa kwenye televisheni iliyokufa. Ndani ya ampli ya namna hiyo umeme unapita volti mia tatu, na vikopo vinaendelea kuushika hata baada ya kuzima. Nilivaa kandambili mbili, moja juu ya nyingine, mkono mmoja nikauweka mfukoni, kisha nikagusisha bisibisi kwenye vikopo ili umeme uliobaki utoke. Nilifanya hivyo hata siku ambazo ampli haikuwa imewashwa kabisa.

Seremala alinitengenezea bafle, sanduku la spika, kwa mabaki ya mbao ngumu za libuyu, nzito hata ikambidi aibebe begani. Spika ilitoka kwenye gari lililoungua. Siku ya kwanza ya kuwasha nilifunga balbu ya kawaida katikati ya waya, kama daftari lilivyosema: ikiwa kuna kasoro kubwa, balbu itawaka sana na ampli itapona. Balbu iliwaka kidogo, ikafifia. Zile taa nne zikaanza kuwa nyekundu, kisha rangi ya machungwa. Ya nne ilichelewa. Bafle ikatoa mngurumo wa chini kama nyuki ndani ya mzinga.

"Inaimba!" seremala alipiga makofi. "Kimbia, lete muzee."

"Bado. Inanguruma. Ile taa ya nne ni dhaifu."

"Gradué, hii ni ampli ama ni muchumba? Miezi mbili unamusafisha, unamufunika shuka. Ndoa ni lini?"

Nilimwambia ndoa itakuwa taa mpya zikifika. Niliona picha yote: baba amekaa, nawasha, inanguruma, taa ya nne inakwaruza, na yeye anasema ni maharagwe tena. Nilifikiri mtu mwenye sikio moja linalokwisha hatakiwi kupewa kitu kibovu. Nafasi ilikuwa moja, nami nilitaka iwe safi.

Shangazi yangu alikuwa mfanyabiashara, alipanda Beni kila wiki mbili. Nilimwandikia barua ya kumpelekea fundi. Ningeandika namba iliyochapwa kwenye kioo, basi. Lakini niliogopa fundi akikosa aina hiyo, nikaeleza aina ya pili na ya tatu, halafu namna ya kuzifunga zisivunjike, halafu nikaomba radhi kwa usumbufu. Barua ilijaa kurasa mbili pande zote. Mstari wa kwanza ulisema: *Tafadhali nitumie lampes mbili nzuri, zisiwe za ovyo.*

Shangazi alirudi Ijumaa, amechoka, ana furaha. Fundi hakuwapo. Duka lilikuwa limefungwa, majirani walisema amekwenda kwa binti yake upande wa Mbau. Shangazi alifungua barua, akasoma mstari wa kwanza, akaona kazi ni nyepesi. Alifungua kanga mbili na blanketi moja. Ndani zilikuwamo taa mbili za mafuta, zenye vioo na vishikio vya waya, mpya, za kijani.

"Nzuri kabisa," alisema. "Nilipita maduka tano. Hapana ya ovyo hata moja."

Mama alizichukua, akazipandisha utambi, akasema hatimaye nimeonyesha faida ya kusoma. Mojawapo ilidumu jikoni kwetu miaka mingi.

"Shangazi, barua uliisoma yote?"

"Yote? Mwana, ile haikuwa barua. Ilikuwa Agano la Kale."

Nilisema nitaandika nyingine, fupi. Wiki iliyofuata barabara ya Beni ilifungwa. Tulisikia milio kutoka mbali, kama mtu anayekung'uta mkeka nyuma ya kilima, na wachuuzi wakarudi na mizigo yao. Hakuna aliyejua itafunguka lini. Niliendelea kwenda atelier kila jioni, nikafuta vioo vya taa zilizokuwa tayari safi.

Kisha asubuhi moja nilimfuata baba kwenda sokoni, nikiwa hatua kumi nyuma yake. Lori lililojaa mkaa liliteremka nyuma yetu likipiga honi. Lilipiga tena na tena. Baba aliendelea kutembea katikati ya barabara, mikono nyuma, kama mtu aliye peke yake duniani. Nilikimbia nikamvuta koti. Lori lilipita likitupulizia vumbi jeusi. Aligeuka akanitazama, akatazama lori, akaelewa.

"Ilipiga?" aliuliza.

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Upande gani?"

"Ya kulia, papa."

Alipangusa vumbi begani, akaendelea na safari. Mimi nilibaki nimesimama nikihesabu: miezi miwili na zaidi ya kungoja waya, kondansateri, bafle, taa. Hiyo yote niliitoa kwenye sikio lake.

Jumapili ya wiki ile, baada ya misa, nilimwomba seremala awashe groupe. Ampli niliiweka kwenye meza yetu ya chakula, na taa yake ya nne ya kizee. Redio-kaseti niliiunga kwa waya mmoja. Redio yenyewe niliiacha kwenye mabuye yake, betri zile kubwa, kwa sababu niliogopa groupe itaichoma. Mama alikaa mlangoni. Baba aliketi mbele ya bafle, magoti yakiigusa, akatazama zile taa zikiiva.

"Aa," alisema kwa sauti ya chini. "Hizi ndizo."

Nilibonyeza. Mngurumo ulikuja kwanza, kisha mkwaruzo, kisha kikohozi cha mtu kanisani Krismasi ile, kisha kwaya. Sauti ya kwanza, ya pili. Bafle ya libuyu ilitikisa vikombe kabatini. Mama alifunika mdomo. Mimi sikusikiliza muziki, nilimtazama baba. Uso wake ulikuwa mtulivu, haukuonyesha kitu. Ubeti wa kwanza ukapita. Ubeti wa pili akaanza kukunja uso, ule ule mkunjo wa maharagwe. Nikanyoosha mkono kuzima.

Aliupiga mkono wangu.

"Banashuka," alisema. "Unasikia? Sauti ya tatu. Banashuka!" Kidole chake kilipanda juu, kile kidole ambacho wanakwaya walikiogopa kanisani, kikasukuma hewa kwenda juu. "Panda! Mupande! Nani alibatolea hii sauti?"

Nilisikiliza kwa mara ya kwanza. Ni kweli, walikuwa wanashuka, wote, kidogo kidogo, kama watu wanaosinzia wakiimba. Nikaelewa: mabuye yalikuwa yamechoka, na kaseti ilikuwa inazunguka polepole. Aibu ilinipanda. Nilikuwa nimebadilisha kila kitu ndani ya nyumba ile isipokuwa betri. Nikaanza kueleza, nikimwinamia sikio la kulia, kuhusu volti na mota na kasi ya utepe.

"Nyamaza," alisema. "Niko nasikiliza."

Mama alikuwa anacheka na kulia. "Amesikia ya tatu," aliniambia. "Weye uko na masikio mbili, haukusikia."

Baba alisikiliza mpaka kwaya ikawa ya wazee, kisha ya mafahali, kisha utepe ukasimama kabisa. Ndipo akageuka.

"Mabuye imekufa?"

"Imekufa, papa."

"Peleka kwa jua."

Niliyatoa sita, nikapanda kwenye ngazi ya seremala, nikayapanga juu ya mabati yaliyokuwa ya moto, kama tulivyofanya wote wakati ule ili yapate nguvu ya nusu saa nyingine. Wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa Lubero. Chini, baba alikuwa ametoa kiti nje, ameketi akitazama mabuye yake juu ya paa, na kidole chake kwenye goti kilikuwa kinapiga wimbo ule taratibu, kwa kasi iliyo sahihi.