Bibi Shingoni mwa Ng'ombe

Mhoja wa Sapiwi aling'ata kila kitu kupima kama ni halisi: sarafu, hereni za mkewe, hata jiwe la mizani la chama cha ushirika, akasema lina ladha ya wizi. Serikali iliporuhusu watu binafsi kununua pamba, na magari ya wageni yakaanza kugombania wakulima, meno yake hayakupata likizo.

Msimu huo mnunuzi mmoja, Kasmiri, kijana wa viatu vyeupe, alipita zizini kwa Mhoja akaisahau pamba. Alikodolea macho ng'ombe wa mizimu. Ng'ombe huyo alitengwa kwa ajili ya marehemu bibi yake Mhoja na kupewa jina lake, Nyanjige, hauzwi, hachinjwi. Shingoni alivishwa sarafu nyeusi ya shaba yenye sura ya mwanamke, ambayo babu alirudi nayo kutoka pwani enzi za kubeba mizigo ya misafara. Ukoo mzima ulijua: mwanamke yule ndiye bibi mwenyewe.

"Mzee, hiyo sarafu ni ya Warumi wa kale," alisema Kasmiri. "Huyo ni mungu wao wa kike, wa bahati. Nakupa ng'ombe wawili."

"Roma? Padri wetu ni wa Roma, mbona hajawahi kututajia mungu mwenye matiti?"

Ng'ombe wawili kwa kipande cha shaba! Mhoja alimkagua kijana kuanzia viatuni. Ili kumtoa shaka, Kasmiri akammwagia kiganjani sarafu tano nyeusi, kila moja na mwanamke wake.

"Umeteka mabibi watano!" Mhoja aliruka. "Wajukuu zao wanajua?"

Kasmiri alikohoa, akaelewa soko limegeuka. "Ndiyo hivyo, mzee. Kesho wanapelekwa Ulaya. Labda wewe uwakomboe... kwa lile dume lako la ng'ombe pale zizini."

"Ng'ata kwanza!" alipiga kelele Salu, mkewe, kutoka jikoni.

"Wewe mwanamke! Nani anang'ata mabibi wa watu?"

Dume likaondoka. Mhoja aliwaamkia watano wale mmoja mmoja, akawafunga shingoni kwa Nyanjige.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Weusi ukachuruzika kama masizi, mabibi watano wakang'aa kama koki mpya za bomba. Wa sita, yule wa ukoo, alibaki mweusi vilevile.

"Sasa ng'ata," alisema Salu, mikono kiunoni.

Mhoja alimsogelea wa sita, mdomo wazi. Ng'ombe akageuza shingo, akamtazama.

"Shikamoo, bibi," alisema, akafumba mdomo.

Lakini tangu siku hiyo hakumpa mgongo bibi huyo, asije naye akang'aa.