Pengo la Mikoko ya Kidongoni

Mwinyihaji alikuwa akiuza boriti mjini Voi kwa mwaka wa kumi na tisa. Nyumba nyingi za udongo, kuanzia mtaa wa Sofia hadi kijiji cha Rukanga, zilisimama kwa mikoko aliyoileta kwa lori kutoka Kidongoni, kijiji cha pwani alikozaliwa. Lakini kufikia 1993 boriti zilikuwa zinazidi kuwa nyembamba. Fundi Kituku alinyanyua moja kwa mkono mmoja.

"Mzee, hii ni boriti ama fito?"



Mwezi huohuo akafika mwanamke aitwaye Ndeti, mchoraji wa ramani za misitu ya pwani. Wakata miti walikuwa wamemwambia kuwa shehena nyingi huishia Voi. Alitandaza juu ya boriti picha tatu za Kidongoni zilizopigwa kutoka kwenye ndege: ya 1969, ya 1981 na ya mwaka uliopita. Kilichokuwa cheusi kilikuwa msitu, na cheupe kilikuwa matope.

"Ndege iliona miti imetoweka," alisema. "Haikuona nani aliyeikata. Nisaidie, mzee."

Mwinyihaji akaonyesha kwa kidole. Hapa palikatwa kuni za tanuri la chokaa. Hapa walifyeka wenye mashamba ya chumvi. Kisha kidole kikasimama penye pengo kubwa jeupe.

"Na hapa?"

"Hapa ni mimi."

Ndeti aliandika bila kuinua uso. Mwinyihaji akainamia picha tena. Nyuma ya pengo palikuwa na kidoa kimoja, nyumba ya dada yake, Faiza. Katika picha ya kwanza msitu uliikinga na maji. Katika ya tatu hapakuwa na kitu katikati.

"Bahari imesogea?"

"Imesogea, mzee. Na bado inasogea."

Siku ya pili yake alikuwa Kidongoni. Alimkuta Faiza akirudi na ndoo kutoka msikitini, maana kisima chake kilikuwa kimeingia chumvi.

"Dada, hama. Twende Voi."

"Leo ndiyo umeona?" Faiza alitua ndoo. "Kila lori lako lilipopita mlangoni hapa nilikwambia, kaka. Ukanijibu kwamba mikoko huota. Sihami."

Mwinyihaji aliwaomba wakata miti waache. Walicheka; mnunuzi mwingine alikuwa tayari anapakia. Alirudi Voi, akaacha biashara ya boriti, akauza mbao na misumari.

Mwishoni mwa 1997 mvua zilinyesha wiki baada ya wiki. Mto unaoingia baharini Kidongoni ulishuka na udongo mwekundu wa mashamba ya juu, ukaifukia mizizi ya mikoko iliyobaki. Alasiri moja ya bamvua, bahari ilipojaa kupita kawaida, maji yaliingia kwa Faiza kupitia mlango wa mbele. Alitoka kwa mlango wa nyuma, maji yakimfika kiunoni, akausikia ukuta ukianguka nyuma yake.

Alifika Voi na sanduku moja. Mwinyihaji alimwomba radhi mara nyingi. Faiza alikuwa akisema tu, "Nimesikia."

Mwaka uliofuata Ndeti alipita tena Voi. Hata mikoko iliyosimama, alisema, ilikuwa inakauka.

Kesho yake asubuhi Mwinyihaji na Faiza walipanda basi kwenda Kidongoni kuwaonya majirani. Nyumba zilizobaki zilikuwa kumi na moja. Walizunguka zote, Faiza akiongea, kaka yake akimfuata nyuma. Watu wa nyumba saba walikataa kuhama.