Nilipongoja Shikamoo Mtandaoni

Nakumbuka Jumanne moja baada ya Pasaka, mwaka wa pili tangu nimzike mke wangu Martina. Siku hiyo nilipoteza na sauti yake.

Mwanangu, Martina alifuga mbuzi pale kijijini kwetu Daa, huku Karatu. Kila Jumapili baada ya ibada alirekodi maneno machache kwa simu: mbuzi anayekataa mwanawe, mwanambuzi anayehara, wakati gani umwite mtaalamu. Aliyaweka kwenye ukurasa wake katika mtandao mmoja mkubwa, na watu wa hadi Loliondo walimsikiliza. Simu yake iliharibika, yeye mwenyewe akafariki, nikabaki naufungua ule ukurasa kila asubuhi kabla ya chai. Jumanne ile haukufunguka. Maandishi yalisema umefungwa kwa kukiuka taratibu. Taratibu zipi tena, za marehemu? Nilitafuta pa kuuliza, sikuona mlango wa kubisha.

Sitakudanganya. Aliwahi kuniambia, "Mzee, ninakilie hizi sauti kwenye kadi ya kumbukumbu." Nikamjibu, "Mtandao mkubwa vile utakwenda wapi?" Nguo ya kuazima haisitiri matako, nami niliivaa miaka yote ile nikijiona nimependeza.

Jirani yangu, Mwalimu Paulina, alinihurumia. Yeye na wenzake wachache wa Karatu walikuwa wameanzisha uwanja wao wa mtandao, kwa programu ya bure ambayo mafundi wameiacha wazi, mwenye ujuzi aone ilivyoundwa na kuirekebisha. Alinieleza jikoni kwangu.

"Baba, kila uwanja ni kama kijiji. Una wenyeji wake na sheria zake. Lakini njia zipo. Ukiwa hapa kwetu unaongea na mtu wa uwanja wa Arusha, hata wa ng'ambo. Hakuna tajiri mmoja mwenye vijiji vyote."

"Na ninyi mkichoka?"

"Tukichoka utahamia kwingine, na wanaokufuata utahama nao. Ila ulivyoandika na sauti zako havihami. Weka nakala nyumbani."

Akanifungulia. Nikaweka jina langu, nikakaa. Wiki mbili nafungua, pamekauka kama lambo la Septemba. Nikamwambia Paulina uwanja wake hauna watu. Akaitazama simu yangu, akacheka.

"Baba, hujaandika hata neno! Hujamfuata hata mtu mmoja!"

"Mimi ni mzee. Wao ndio wanisalimie kwanza."

"Watakusalimiaje na hawajui kama upo? Kule kwingine mashine ilikuletea watu. Huku hakuna wa kukuletea, unakwenda mwenyewe."

Niliona aibu, maana hayo nilishaambiwa zamani. Nilipokuwa kijana nimetoka Mbulu kuja kuchuma kahawa kwenye shamba moja la hapa Karatu, Kiswahili changu kilikuwa cha kuchekwa. Nikakaa kambini siku tisa bila kumsemesha mtu, nikila kwa kujitenga. Mpishi wetu, bibi wa Singida tuliyemwita Mama Mwajuma, akaninyang'anya bakuli. "We Mmbulu, unamnunia nani? Unangoja tuje kukuposa? Mgeni ndiye apigaye hodi!" Kambi nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Siku hiyo nikala nao. Uzee, mwanangu, hukurudisha kwenye ujinga uliodhani umeuacha.

Basi nikaandika kwa kidole kimoja: jina langu, nilipo, na kwamba namtafuta yeyote mwenye sauti ya Martina wa Daa, yule wa mbuzi. Paulina akanifundisha kutia alama ya reli, hii #, mbele ya neno mbuzi, wanaotafuta habari za mbuzi wanione. Nikawafuata wafugaji kumi na mmoja. Siku ya nne akajibu mama mmoja wa Piyaya, upande wa Loliondo, Nashipai, ambaye yuko uwanja mwingine kabisa. "Shikamoo baba. Ninayo moja. Niliihifadhi kwa ajili ya mbuzi wangu mmoja mkaidi."

Niliisikiliza nimesimama. "Mshike pembe taratibu, msogezee mtoto, usimpige..." Kisha katikati anakatiza: "Mzee! Funga hilo lango, wanaingia kwenye maharage!" Ni mimi niliyeliacha wazi. Nikakaa chini.

Basi, ukianza huko, chagua uwanja ambao wanaouendesha unaweza kuwauliza jambo wakakujibu. Soma sheria zao kabla ya kusema. Jitambulishe, wafuate watu, mjibu anayekuandikia; mtaka cha uvunguni sharti ainame. Usitarajie makundi makubwa, huko watu ni wachache na mambo ni polepole. Na kitu unachokipenda usimwachie mtu mmoja akutunzie, hata awe Paulina, kwani naye ni binadamu na umeme wake hukatika kama wetu. Nimechoka, sina maneno mengi, lakini haya nimeyapata kwa kupoteza. Mungu akupe watu wa kukuitikia, akulindie na sauti za nyumbani kwako.

Leo asubuhi nimeuliza tena, kama yupo mwenye sauti yake nyingine. Hadi sasa hajajibu mtu.