Treni Iliyotupita

Mpaka leo huinuka benchini nikisikia breki za treni inayoingia stesheni ya Thornton Heath, hapa Uingereza. Mkono wangu hunyanyuka wenyewe. Binti yangu huushusha haraka, akininong'oneza kwa Kiingereza kwamba namtia aibu, hapa treni husimama tu. Yeye sijamweleza. Nawaeleza nyie.

Nilikuwa na miaka minane Bwana Rajab na mkewe Zubeda walipotutoa Voi, mimi na mama, eti mama akawapikie hotelini kwao Uingereza. Majina nayataja, maana wao hawajawahi kuona haya. Hoteli yenyewe ilikuwa jengo la zamani la stesheni, kwenye kimji cha pwani huko Wales. Treni zilikuwa bado zinapita mlangoni, ila wafanyakazi wa reli waliondolewa siku nyingi na jengo likauzwa. Dirisha la tiketi ndiko tulikopitishia sahani za wageni. Tulilala chumba cha mizigo, na kilinuka makaa ya mawe yaliyolowa wakati makaa yenyewe hayapo. Pasipoti zetu Zubeda alizifungia kabatini. Mama aliambiwa asiinue sauti wala macho, wageni wasijue kuna mtu jikoni.

Aliyetusalimia ni jirani mmoja tu, Bibi Gwen. Alizaliwa mle mle, baba yake akiwa stesheni masta. Alinionyesha paliponing'inia kengele, palipokuwa na maua, na mahali familia ziliposhuka na ndoo za watoto za kuchezea mchanga. Aliongea sana, mimi nikiokota neno moja moja.

Asubuhi moja Rajab na Zubeda wakaenda sokoni na gari. Mama akalivunja kabati, akachukua pasipoti, akazificha kifuani, tukasimama kando ya reli na sanduku letu.

Treni ilipochomoza nikanyoosha mkono. Kila siku niliwaona watu wa pale wakifanya hivyo, nikadhani wanamsalimia dereva. Nikawasifu moyoni kwa adabu. Mama akanipiga kofi kiganjani.

"Shusha. Unatutangaza kwa nani?"

Treni iliyokuwa imeanza kupunguza mwendo ikaongeza, ikatupita.

Mama akaitazama ikitokomea. Kwetu Voi treni husimama, kuwe na abiria kusiwe na abiria. "Labda si yetu," akasema.

Bibi Gwen akatoka mbio na malapa ya ndani. Akanieleza polepole, kwa maneno na mikono, mpaka nikamwelewa, nikamwambia mama: masta hayupo tena, msafiri huisimamisha mwenyewe, asipoinua mkono haimchukui. Nyingine ilikuwa ya mchana. Tukaketi benchi moja na bibi yule, kila gari likipita mama ananibana mkono.

Treni na gari la Rajab vilitokea pamoja. Mama akasimama, mkono juu.

"Mariamu, shusha mkono," Zubeda akamwambia mama, kwa upole kabisa. "Watu wanakuona."

"Na wanione."

Treni ikasimama. Rajab alidaka sanduku. Tukamwachia, tukapanda mikono mitupu.

Miaka mingi nilidhani siku ile mama alikosea desturi ya reli tu. Ameshazikwa ndipo nikaelewa kwa nini wale wawili hawakuwahi kutufungia mlango. Treni zilipita mbele yetu kila siku ya Mungu. Walichofanya ni kumzoeza mama kushusha mkono.

Kwa hiyo binti yangu akiushusha wangu, naurudisha juu.