Mguu Nje ya Pazia

Mimi shule niliishia darasa la nne, tena hilo la nne nililisoma nusu, kwa hiyo anayetafuta maneno ya kidaktari hapa hatayapata. Nitasema nilichokiona. Cha kwanza ni baka jeusi chini ya kisigino cha kushoto, ukubwa wa punje ya haragwe. Aliyeliona si mimi, ni mke wangu, siku nimenyoosha miguu jikoni naota moto. Baridi ya kwetu milimani Mbeya, mwezi wa saba, mtu anasogeza nyayo kwenye mafiga mpaka zinanuka.

"Hapa umekanyaga nini?" akauliza. Akasugua kwa kidole na mate. Halikutoka.

Ningecheka, lakini nilimjua mtu mwenye baka kama hilo. Tulilima naye mpunga Madibira enzi za ujana, mchekeshaji kweli, huyo angekuuzia ng'ombe aliyekufa ukamshukuru. Yeye alisema ni alama ya kuzaliwa tu. Likageuka kidonda. Ukakatwa mguu, na baada ya mguu tukamzika mwenyewe. Sasa mimi mama yangu hakuwahi kuniambia nilizaliwa na alama yoyote. Toka jioni ile nikawa navaa soksi hata kitandani, nisilione.

Mwanangu wa kwanza anaishi Iringa. Aliposikia akasema, "Baba, njoo huku. Kuna daktari wa ngozi ana kidude cha kupiga picha. Hakikati, hakichomi."

Nilienda mwezi wa tisa. Daktari mwanamume, mpole, akanipaka kitu cha baridi chenye kuteleza, akagandamiza kidude chenye taa, na kisigino changu kikatokea kwenye kompyuta kikubwa kama shamba. Kweli shamba. Mistari imepangana, matuta na mifereji, kama viazi vyangu mlimani.

"Mzee unalima?" akauliza. "Basi utanielewa. Rangi ikilala kwenye mifereji, mara nyingi si mbaya. Ikipanda juu ya matuta, hapo tunaogopa."

"Yangu imelala wapi?"

"Kwenye mifereji. Ila kona hii sioni vizuri."

Akasema nirudi baada ya miezi mitatu apige tena, aziweke picha mbili pamoja, aone kama baka limetembea.

Hiyo kona nilirudi nayo nyumbani. Nilikula nayo, nikaenda nayo kanisani. Siku moja mvua ilipiga shambani, maji meusi yakajaa mifereji yakapanda juu ya matuta, nikatupa jembe nikakimbia. Mke wangu akadhani nyoka. Sikumwambia.

Tulirudi Iringa mimi na mke wangu kabla ya Krismasi. Na hapa lazima nieleze habari ya mkwe, maana bila hiyo hamtanielewa. Sisi Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani. Akiniona njiani anachepuka. Hatuketi chumba kimoja, hanisemeshi, nami simsemeshi. Vijana wengi wa mjini wameacha. Mkamwana wangu, mke wa huyo mwanangu wa Iringa, hakuacha, pamoja na unesi wake katika hospitali ile ile na vyeti vyake, na mimi nilimheshimu kwa hilo. Miaka kumi na moja ameolewa kwangu, namjua kwa kisogo.

Basi mlango wa chumba cha daktari ukafunguliwa, na aliyeshika kidude ni yeye. Alikuwa amehamishiwa chumba kile. Daktari amesafiri, yeye anapiga picha, daktari atazisoma akirudi. Akageukia ukutani. Mimi nikageukia mlango.

"Twende nyumbani," nikamwambia mke wangu.

"Nyumbani kuna kamera?"

"Tutarudi daktari akiwepo."

"Wewe mzee unamwogopa mkwe kuliko kaburi. Sawa. Wakija msibani nitawaambia ulikufa kwa adabu."

Mle ndani mkamwana akasema, uso bado ukutani, "Mama, mwambie baba kuna pazia."

Nikalala kitandani nyuma ya pazia, mguu peke yake ukatokeza upande wa pili kama paja la mbuzi buchani. Niliona aibu ya magaga yangu. Nikasikia ile baridi, kidude kikagandamiza, kikalia.

Kwa daktari nilikuwa namsoma usoni. Sasa nilikuwa na pazia la maua. Nikasikia vitufe vya kompyuta. Nikasikia, "Mama, njoo uone." Mke wangu akaenda, naye akanyamaza, mwanamke ambaye huongea hata wenzake wakiwa wamefumba macho kusali.

Kisha nikasikia, "Baba."

Hakusema "Mama, mwambie baba." Aliniita mimi. Mkwe havunji mwiko kwa jambo dogo, nikajua mguu umekwenda. Nikaiona suruali ya yule rafiki yangu wa Madibira, mguu mmoja umekunjwa na kubanwa na pini. Nikawaza viazi vitapaliliwa na nani.

"Baba," akarudia, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kuliko mguu wangu. "Picha zinafanana. Rangi bado iko kwenye mifereji, na ile kona sioni kama imetembea. Daktari ataangalia mwenyewe. Nimeona nikipitisha kwa mama utadhani tunakuficha."

Nikasema, "Ndaga." Ndiyo asante ya kwetu, na ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia. Mguu nikausahau nje mpaka mke wangu akaupiga kofi. "Ingiza, unatia aibu."

Daktari alipozisoma picha alikubaliana naye. Lakini akasema nirudi tena baada ya miezi sita, maana kona ni ya kuangaliwa. Kwa hiyo kona ipo. Soksi za kitandani nimeacha. Kila Jumapili jioni nanyoosha mguu jikoni, mke wangu anamulika kisigino kwa tochi ya simu, na mimi sikiangalii kisigino. Namwangalia yeye usoni.