Sura ya Kichaa cha Mbwa

Rafiki yangu na mimi tulikutana bara, chuoni, katika baridi ambayo hakuna mmoja wetu aliyepata kuiona nyumbani. Tulikuwa vijana wawili wa pwani katika darasa zima la watu wa bara, tukisomea utabibu wa mifugo, na mwanzoni kilichotuweka pamoja kilikuwa lugha tu. Mimi ni Mdigo wa Msambweni, yeye alikuwa Mduruma wa upande wa Kinango. Akisema kwao, nasikia. Nikisema kwetu, anasikia. Mimi nilipitia madrasa kabla ya shule. Yeye alikuwa Mkristo kwa upande wa mama, na baba yake alikuwa bado akitambikia koma, mizimu ya wazee wake, nyuma ya nyumba. Hayo hayakutusumbua. Kilichotusumbua kilikuwa ugali usio na mchuzi wa nazi.

Tulipohitimu, nchi ilikuwa ndiyo kwanza inapata uhuru. Wazungu waliosimamia mifugo walikuwa wakifunga mizigo, na vijana kama sisi tukatumwa kushika nafasi zao hata kabla hatujazoea viatu. Yeye akarudishwa Kinango kwenye ng'ombe wengi. Mimi nikapelekwa kwetu Msambweni, na eneo langu likashuka kupitia Ramisi kwenye mashamba ya miwa hadi Majoreni na Jego, karibu na mpaka. Ukitazama ramani, mimi na yeye hatukuwa mbali. Lakini barua ilibidi ipande basi hadi Mombasa, iende Mariakani, ndipo iteremke Kinango. Kwa hiyo tulizoea kuandika marefu, maana kuandika mafupi kulikuwa kama kuionea barua safari yake.

Mimi ndiye niliyeanza. Nilimwandikia nikamwuliza kwa nini sisi Wadigo tuna mbuzi na kuku tu, na wao ng'ombe wamejaa, ilhali sote tumetoka mahali pamoja. Najua mbung'o wako msituni, nikasema, lakini je, wamekuwako siku zote? Jibu lilikuja nene hata mtu wa posta akaniuliza kama nimeshtakiwa. Alikuwa amezunguka kwa wazee wa kwao akiuliza habari za sotoka, ule ugonjwa uliofagia ng'ombe zamani za babu zetu. Bibi mmoja kipofu alimweleza alivyosikia kwa mama yake: nyati walitoka porini wakaja kufia kwenye visima vya watu, na watu hawakuwa na nguvu ya kuwaondoa. "Unaona?" akaandika. "Vitabu vyetu vya chuoni vimehesabu ng'ombe. Havikusema harufu ya maji."

Hapo ndipo tulipokata shauri kuandika kitabu. Historia ya maradhi ya mifugo ya upande wetu, kwa Kiswahili, ili mfugaji anayejua kusoma akisome mwenyewe bila kungoja sisi tumfasirie. Tukagawana sura. Mimi nikachukua mbung'o na homa zake, pamoja na habari za walowezi wa Shimba Hills waliotoka bara na ng'ombe wao wakafa kabla nyumba hazijaezekwa. Yeye akachukua sotoka, kimeta na historia ya majosho ya kuogeshea ng'ombe. Sura ya kichaa cha mbwa tuliiacha iwe ya mwisho, kwa sababu sote wawili tulikuwa tumeisoma tu, hatujaiona kwa karibu.

Tulikuwa tukigombana juu ya namna ya kuandika, na magomvi hayo ndiyo ninayoyakumbuka kwa furaha. Mimi nilikuwa na kalamu ya madrasa. Sura yangu ya kwanza ilianza kwa kumhimidi Mola, ikaendelea kuomba radhi kwa wasomaji, ikaeleza neema ya mifugo, na ng'ombe wa kwanza hakuugua mpaka ukurasa wa tano. Akanirudishia na maneno haya pembeni: "Ndugu yangu, ng'ombe keshakufa na wewe bado unapiga hodi."

Nikamjibu kwamba sentensi zake ni kavu kama Kinango mwezi wa Februari.

"Ni kavu," akakubali katika barua iliyofuata, "lakini mbuzi anaishi."

Tulionana Kwale kila tulipoitwa kwenye mkutano wa idara. Baada ya mkutano tulikuwa tukikaa kwenye mkahawa ulio karibu na soko, tukiagiza mahamri na mbaazi, tukitandaza karatasi zetu mezani hata mwenye mkahawa anune. Siku moja alisoma ukurasa wangu akasimamisha kidole.

"Hapa umesema, 'Inasemekana.' Nani kasema?"

"Watu wa Majoreni."

"Watu wa Majoreni ni wengi. Nani?"

"Mzee mmoja mvuvi. Sikumwuliza jina."

"Basi rudi ukamwulize. Neno lisilo na mwenyewe ni uvumi, bwana. Wazungu waliandika 'mwenyeji mmoja alisema' miaka yote ile, na sisi tuandike hivyo hivyo?"

Nilirudi Majoreni kwa baiskeli, jua la utosi, kwa ajili ya jina moja. Nikalipata, nikamwandikia kwa herufi kubwa. Akanijibu, "Sasa mtu huyo yumo katika historia."

Alioa, nikaenda harusini. Mke wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye sauti ndogo na maoni makubwa. Ndiye aliyekuwa akisoma barua zangu pia na kusahihisha nukta zetu sote wawili. Wakapata binti, kisha mwingine. Mimi nami nikaoa. Kitabu kikawa kinakwenda polepole kama vitabu vya watu wenye kazi na watoto.

Msimu mmoja wa maembe aliniandikia habari nyingi za josho jipya, na katikati akanisimulia kisa kidogo. Mfugaji alimwita: ng'ombe wake anatokwa na mate, hawezi kumeza, analia kwa sauti iliyokwaruza. Mwenye ng'ombe alisema amekabwa na kokwa la embe. Jambo hilo lilikuwa la kila siku msimu ule. Rafiki yangu akakunja mkono wa shati, akautia mkono hadi kooni kutafuta kokwa. "Sikukuta kitu," akaandika, "ila meno yake yamenichuna vidole kunipa kumbukumbu." Ng'ombe akafa kesho yake, wakamfukia. Nilipoisoma habari hiyo sikushtuka, na mtabibu yeyote wa siku zile asingeshtuka. Ng'ombe waliokabwa tuliwaona wengi.

Maembe yalikuwa yamekwisha zamani nilipoitwa kupokea simu katika ofisi ya Msambweni. Alikuwa mke wa rafiki yangu. Alisema mumewe yuko hospitali Mombasa, na anataka niende.

"Ana nini, shemeji?"

Akasema, "Anasema wewe utajua ukimwona."

Nilivuka Likoni asubuhi iliyofuata. Mke wake nilimkuta barazani nje ya chumba, amekaa na kikapu cha nguo mapajani, hakuonekana kama amelala. Ndiye aliyenieleza. Mkono ulianza kumwasha na kufa ganzi pale pale palipochunwa. Akarudi haraka kwa yule mfugaji akauliza maswali aliyokuwa hakuuliza mara ya kwanza, kwa kuwa hapakuwa na sababu ya kuyauliza. Ndipo mtoto wa pale akakumbuka mbwa mgeni aliyepita bomani, akamng'ata ng'ombe yule puani, akakimbilia porini. Sindano ya kichaa cha mbwa husaidia kabla dalili hazijaanza. Zikishaanza, hakuna sindano. Hilo lilikuwa katika vitabu vyetu, na mimi na yeye tulikuwa tumeshalipangia ukurasa wake.

Chumba kilikuwa na giza. Pazia limefungwa ili upepo usimguse. Nilimkuta ameketi kitandani, ameshikilia ukingo kwa mikono yote miwili. Alikuwa ni yeye kabisa. Hilo ndilo lililonivunja moyo. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mtu mwingine.

"Kaa pale," akasema. "Usinikaribie. Una karatasi?"

"Ninayo."

"Andika."

"Nimekuja kukutazama, ndugu yangu. Sikuja kuandika."

"Sura ya mwisho hatuna mtu wa kutusimulia. Sasa yuko. Andika wakati akili ninayo, maana inakwenda na kurudi."

Nikatoa kalamu. Akazungumza kwa vipande, akingoja koo lake limruhusu. Akasema kuwasha kulianzia kwenye kovu, si kwingine. Akasema maji hayangoji uyanywe ndipo yatishe. Yanatisha ukisikia tu kikombe kikiwekwa mezani, koo linajifunga lenyewe kama mlango. Akasema hata upepo wa pazia unamfanya vivyo hivyo. Akasema kiu ni kali, na hofu ni kali zaidi, na katikati ya hivyo viwili mtu anakuwa na aibu, hilo halimo katika vitabu.

"Aibu ya nini?" nikamwuliza.

"Ya kuogopa kikombe. Binti yangu mdogo anakunywa kwenye kikombe."

Nikaweka kalamu chini. Akaniangalia.

"Umeandika aibu?"

"Nimeandika."

"Usiipambe."

Muuguzi akaingia na ndoo, akiwa amesahau, na mikono ya rafiki yangu ikaanza kurukaruka, kichwa kikaenda nyuma, na sauti iliyomtoka sikupata kuisikia kwa mtu. Wakanitoa. Mke wake akaingia nilipotoka mimi. Hakuna aliyeweza kumzuia. Alifariki siku mbili baadaye. Nilikuwa nimelala kwa jamaa zangu Likoni, na habari ikanifikia kabla ya adhuhuri.

Tulimzika kwao, katika ardhi ngumu iliyowatoa jasho wachimbaji. Mchungaji alisali, kisha wazee wakafanya yao. Wafugaji walikuja kutoka mbali, wengine na mifugo yao, kwa kuwa hawakuwa na wa kumwachia. Mimi nilipewa nafasi ya kusema, nikasimama, na sentensi zote za madrasa zikanikimbia. Nikasema alikuwa rafiki yangu na alipenda kujua nani kasema nini. Nikaketi.

Nilipoanza kuandika ile sura, niliiandika kama alivyotaka. Maneno yake, jina lake, kazi yake, kijiji chake. Ilikuwa sura bora kuliko zote kitabuni, na ninaweza kusema hivyo kwa sababu haikuwa yangu. Kabla ya kuipeleka mahali popote, nikasafiri hadi Kinango nikampelekea mke wake. Nilimkuta uani akichambua mchele. Akasoma yote bila kuinua kichwa. Aliposhika kalamu yake nyekundu nilidhani anataka kusahihisha nukta.

"Umeandika vizuri," akasema.

"Ni maneno yake, shemeji."

"Najua ni maneno yake, ndiyo maana naumia. Liondoe jina lake."

Nikamweleza kwamba mumewe ndiye aliyeniagiza kuandika. Nikamweleza kwamba yeye mwenyewe alikuwa akisema neno lisilo na mwenyewe ni uvumi, na kwamba kumwita "mgonjwa mmoja" ni kumfanyia lile lile alilolichukia maisha yake yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Binti yao mkubwa alikuwa kando ya ukuta anamfundisha mdogo kuruka kamba.

"Wale watasoma," akasema. "Nitawafundisha mimi mwenyewe kusoma. Wewe unataka siku moja wafungue kitabu wamkute baba yao anaogopa kikombe?"

Alinipa kalamu yake nyekundu, nikaufuta mstari wenye jina mbele ya macho yake. Alinishukuru. Kisha akaniletea chai, akanieleza kwamba mkubwa amekuwa akilala na shati la babake.

Kitabu hakikuchapishwa kama tulivyokiota. Wachapishaji Nairobi walijibu kwa adabu kwamba elimu ya mifugo husomwa kwa Kiingereza, na kwamba wenye ng'ombe hawanunui vitabu. Idara ikakubali kukipiga chapa kwa mashine ya ofisi, sura nne tu, karatasi nyepesi zilizobanwa kwa pini. Nilizigawa mwenyewe kwenye majosho kutoka Jego hadi Kinango. Mahali pengine nilizikuta baadaye zimefungiwa ubuyu. Mahali pengine niliwakuta watu wameketi, mmoja anasoma, wengine wanasikiliza, na walipofika kwa yule mgonjwa asiye na jina walimwambia msomaji arudie. Mwanamke mmoja pale Ramisi akaniuliza, "Huyu mtu alipona?" Nikamwambia la. Akasema, "Maskini. Na watu wake?" Nikamwambia wapo, wanaendelea.

Mwaka uliofuata nilikuwa kule Vanga kuchanja kuku. Mzee mmoja akanieleza jinsi walivyokuwa zamani wakiwatenga mbuzi wenye pele katika kisiwa kidogo mpaka wapone, na nani alikuwa akiwapelekea maji kwa ngalawa. Sikuwa nimepata kulisikia jambo hilo popote. Moyo uliniruka. Nilimwuliza jina, jina la baba yake, jina la kisiwa. Nilirudi nyumbani nikaketi mezani, nikachukua karatasi, nikamwandikia rafiki yangu salamu, nikamwuliza hali yake na ya watoto, nikaanza kumsimulia mbuzi.

Nilikuwa nimefika katikati ya ukurasa nilipokumbuka.

Mke wangu alipita nyuma yangu akasoma juu ya bega langu, akasimama. Aliniwekea mkono mgongoni, akauacha hapo, na mimi nikaendelea kuandika mpaka mbuzi wote wakarudi kutoka kisiwani.